BARAZA YA NYUMBANI: Ng'ombe wa Udongo na Safari ya Sindbad



Mwezi huu hatukukusudia kabisa kuandika habari za sinema. Tulikuwa tumekwisha tayarisha maneno juu ya haki za jirani, lakini likatutokea jambo chuoni kwetu hapa Hirbadaw, likatulazimu kuyaweka maneno yale mpaka mwezi ujao, inshallah. Jambo lenyewe lina aibu juu yetu, wala hatulifichi, kwani mwalimu afichaye kosa lake hana haki ya kusahihisha ubao wa mwanafunzi.

Huku kwetu, upande wa mlima Hanang, watoto wengi ni wachungaji. Asubuhi huenda skuli, alasiri huja chuoni, na siku za mapumziko huwafuata ng'ombe na mbuzi. Mtoto wa mchungaji hana duka la vitu vya kuchezea. Duka lake ni udongo mweusi wa kando ya maji. Humo hutoa mtamba, ndama, na fahali mwenye nundu, na pembe zake huwa ni miiba. Watoto wa Wairaqw hufanya hivyo, na wa Wabarbaig hufanya hivyo, na watoto wetu wa Kiislamu, ambao si wengi katika nchi hii, hucheza nao mchezo ule ule mmoja.

Basi yuko mwanafunzi wetu mmoja, umri wake miaka kumi, aliyekuwa wa mbele katika Juzuu ya Amma. Siku moja baada ya darasa alibaki nyuma, mkono mmoja ameshika simu ya kaka yake, na mkono wa pili fahali wa udongo. Akatuambia, "Maalim, tazama, anakwenda." Sisi hatukutazama. Tuliona sanamu ndani ya chuo, na hasira zikatangulia akili. Tukamwambia kwamba masanamu ni haramu, tukamchukua yule fahali mkononi mwake, tukamtia chini, tukamkanyaga. Mtoto hakulia. Aliokota juzuu yake, akaifunga katika kitambaa, akaenda zake.

Kesho yake hakuja, wala kesho kutwa. Siku ya saba alikuja mama yake, akatuamkia kwa adabu, akauliza, "Maalim, mwanangu amekosa nini? Hataki kusema, na hataki kuja." Tulimjibu kwa maneno mengi, lakini twakiri kwamba katika maneno yale yote halikuwamo jibu. Hata yeye aliliona hilo, kwani alisema tu, "Haya, Maalim," akaondoka.

Sasa ndipo inapoingia sinema. Yuko kijana mmoja mwalimu wa skuli ya msingi, ambaye huja kuswali magharibi pamoja nasi. Alipopata habari ile hakutulaumu. Alituomba usiku mmoja tu, akaja baada ya isha na kompyuta yake ndogo, akaiweka juu ya kiti, akatuonyesha filamu iitwayo "Safari ya Saba ya Sindbad". Ilitengenezwa mwaka 1958 na kampuni ya Columbia ya Marekani, yaani ni filamu ya zamani, nayo ni ya rangi.

Jina la Sindbad halikuwa geni kwetu. Sisi tuliosoma skuli za msingi za zamani tulimjua baharia yule katika Alfu Lela Ulela, tukamsoma kwa sauti darasani. Tena Sindbad ni mtu wa bahari yetu. Merikebu zake zilitoka Basra, na bahari aliyoisafiri ndiyo ile ile iliyoleta majahazi Kilwa, Mombasa na Unguja. Yule ndege mkubwa aitwaye Rukhu, abebaye tembo kwa makucha, wasafiri wa kale walisema kwamba makao yake ni pande za Bukini, nchi iitwayo leo Madagaska. Na neno lile halikuwa bure kabisa, kwani Bukini waliishi zamani ndege wakubwa mno, wasioweza kuruka, ambao sasa wametoweka. Mayai yao yameonekana, na yai moja huweza kuchukua maji kiasi cha lita nane au zaidi.

Katika filamu ile Sindbad anakwenda Baghdad kuoa binti mfalme aitwaye Parisa. Mchawi mmoja mwenye hila anamfanya binti yule kuwa mdogo kama kidole, na dawa yake ni ganda la yai la Rukhu, nalo hupatikana katika kisiwa kimoja tu. Hapana budi Sindbad asafiri. Huko anakutana na jitu lenye jicho moja na miguu kama ya mbuzi; anakutana na Rukhu wa vichwa viwili; anakutana na joka litoalo moto; na mwisho anapigana kwa upanga na mtu aliye mifupa mitupu. Wenye kukijua kitabu watatambua kwamba waliotunga filamu wamechanganya safari. Jitu linalowaoka mabaharia motoni ni la safari ya tatu, na habari ya mabaharia kuvunja yai la Rukhu na kumla kinda wake ni ya safari ya tano. Lakini mchanganyo huo haukuiharibu hadithi.

Twasema kweli: tulipomwona yule mtu wa mifupa akishuka ukutani, ameshika upanga na ngao, tulicheka kama mtoto. Kisha tukanyamaza, kwa sababu anapigana sawasawa. Anarudi nyuma, anakinga, anashambulia. Sindbad anapanda ngazi naye anamfuata. Hapo tukauliza, "Amevishwa mtu nguo ya mifupa?" Yule kijana akasema, "La, Maalim. Huyo ni mwanasesere. Urefu wake haufiki futi moja. Na hakuna aliyemsogeza wakati anapokwenda."

Maneno hayo yalitutatiza, hata alipotueleza ndipo tulipofahamu. Sinema haina kitu kiendacho. Sinema ni picha nyingi zilizotulia, na katika kila sekunde moja hupita picha 24 mbele ya macho. Jicho la mwanadamu haliwezi kuzitenga, hivyo huziunganisha na kuona mwendo. Sasa fundi huchukua mwanasesere mwenye mifupa ya chuma ndani yake, yenye maungio yanayopinda na kukaa pale pale yalipowekwa. Humweka juu ya meza, akapiga picha moja. Kisha humsogeza mkono kiasi cha unene wa ukucha, na mguu vivyo hivyo, na kichwa, akaondoka, akapiga picha ya pili. Akarudi, akasogeza tena. Akifanya hivyo mara 24 amepata sekunde moja. Akitaka dakika moja, basi ni mara 1,440. Na akigusa meza kwa bahati mbaya, au akisahau mkono wa kulia ulikuwa ukielekea wapi, kazi ya siku nzima huenda ikapotea.

Fundi wa kazi hiyo aliitwa Ray Harryhausen, Mmarekani aliyezaliwa Los Angeles mwaka 1920, akafariki London mwaka 2013. Mapigano yale ya upanga, ambayo sisi tuliyatazama kwa dakika chache na chai ikiwa bado ya moto, yalimchukua kiasi cha miezi mitatu. Alifanya kazi hiyo peke yake ndani ya chumba, kwa mikono yake miwili.

Wala si kazi ya mwanasesere tu. Yule mchezaji aliyekuwa Sindbad, Kerwin Mathews, alifundishwa kwanza na bingwa wa upanga Mtaliana, Enzo Musumeci Greco, ambaye katika mazoezi alisimama mahali pa yule mtu wa mifupa. Walihesabu kila pigo kwa nambari. Walipoyajua yote kwa moyo, yule bingwa akaondoka, na Mathews akapigana peke yake na hewa mbele ya mtambo wa picha, upanga wake ukisimama mahali ambapo hapakuwa na kitu. Picha hiyo ndiyo iliyokwenda chumbani kwa Harryhausen, ikatupwa juu ya pazia nyuma ya meza, naye akamsogeza mwanasesere mbele yake picha kwa picha, hata panga mbili zikakutana. Kisha ili mwanasesere aonekane yumo ndani ya picha, wala hakusimama mbele yake tu, alitia rangi nyeusi sehemu ya kioo mbele ya mtambo, akapiga. Akairudisha filamu mwanzo, akaziba ile sehemu ya pili, akapiga tena. Hivyo mwanasesere akawa katikati, ana ardhi mbele yake na ukuta nyuma yake.

Ladha ya filamu hizi hutoka hapo. Siku hizi kompyuta zaweza kuchora joka na kulihesabia hata magamba yake, na macho hayaoni kosa. Lakini jitu la Harryhausen lina mtetemo mdogo katika mwendo wake, kama kitu kisicho cha dunia yetu, na kila mtetemo ni alama ya mkono wa mtu aliyekuja, akagusa, akaondoka. Ni kama tofauti ya msahafu ulioandikwa kwa kalamu ya mwanzi na ule uliopigwa chapa. Yote miwili husomwa, lakini katika ule wa mkono waona mahali mwandishi alipochovya wino upya.

Kuna jambo jingine lililotushika zaidi. Harryhausen alipokuwa na umri wa miaka 13, mwaka 1933, alipelekwa kutazama filamu ya sokwe mkubwa, "King Kong", iliyofanywa kwa ufundi huu huu na mzee aitwaye Willis O'Brien. Tangu siku ile hakutulia. Alianza kufinyanga masanamu nyumbani kwao, na yasemwa kwamba alikata koti la manyoya la mama yake ili amvike dubu wake. Wasomaji wetu wenye watoto na waifikirie siku ile! Lakini wazazi wake hawakuvunja kitu. Baba yake, aliyekuwa fundi wa mitambo, alimchongea mifupa ya chuma ya masanamu yake, na mama yake alimshonea nguo za wanasesere. Hata mwanawe alipokuwa mtu mzima mwenye jina, baba yule aliendelea kumtengenezea mifupa. Tulipoambiwa habari hiyo tuliinamisha macho, kwani tulikumbuka unyayo wetu na fahali wa udongo.

Huenda msomaji akasema, "Je, masanamu yameruhusiwa?" Ukurasa huu si wa fatwa. Maulamaa wana maneno marefu juu ya picha na masanamu, na anayetaka hukumu aende kwa wenye elimu kuliko sisi. Lakini lipo jambo tulilolisoma tangu ujanani, tukalisahau siku tuliyolihitaji. Abu Daud amepokea kwamba Mtume, rehema na amani zimshukie, aliona vitu vya kuchezea vya Bibi Aisha, na kati yake alikuwamo farasi mwenye mbawa za vitambaa. Mtume alimwuliza habari ya farasi mwenye mbawa, na Bibi Aisha akamjibu kwa kumtaja Nabii Sulaiman na farasi wake, na Mtume akacheka hata yakaonekana magego yake. Kwa ajili ya hadithi hiyo na nyingine mfano wake, maulamaa wengi wamevitenga vitu vya kuchezea vya watoto na masanamu yaliyokatazwa. Nasi tuliyafundisha hayo, tena mara nyingi! Mtume aliuliza kwanza, akasikiliza jibu la mchezaji, kisha akacheka. Sisi hatukuuliza.

Na huyo farasi mwenye kuruka amewahi kuingia katika sinema. Mwaka 1926, huko Ujerumani, bibi mmoja aitwaye Lotte Reiniger alitoa filamu ya Mwanamfalme Ahmad, iliyotungwa kutokana na Alfu Lela Ulela. Ndiyo filamu ndefu ya picha za kusogezwa iliyo ya zamani kuliko zote zilizobaki mpaka leo. Yeye hakutumia udongo wala chuma. Alikata watu na farasi kwa mkasi katika karatasi nyeusi na bati jembamba la risasi, akaunga viungo kwa waya, akawalaza juu ya kioo chenye taa chini yake, na mtambo wa picha akauweka juu. Kinachoonekana ni vivuli tu, lakini kwa wembamba wa vidole vyao utasema wanapumua. Kazi hiyo ilimchukua miaka mitatu, na katika picha kiasi cha 250,000 zilizopigwa zilitumika kama 96,000.

Hata hivyo hatutaki kuzisifu filamu hizi bila ya kutaja kasoro zake, kwani asifuye bila kupima humdanganya jirani yake. Katika filamu ya bibi yule, mchawi mwovu huitwa Mchawi wa Afrika, na mtoto wetu atakapoyasikia hayo yampasa awe na mzazi kando yake wa kumwambia kwamba ubaya hauna bara. Katika filamu ya Sindbad kuna uchawi mwingi, na kuna ngoma ya mwanamke aliyegeuzwa nusu nyoka, isiyofaa kuachiwa watoto peke yao. Tena ile Baghdad si Baghdad. Sehemu kubwa ya picha zilipigwa Hispania, na kasri ya Khalifa ni ile Alhamra ya Granada, waliyoijenga wafalme wa Kiislamu kabla mji haujatoka mikononi mwao mwaka 1492. Sisi tuliifaidi kasoro hii, kwani tulisimamisha filamu, tukazitazama nguzo na maandishi ya ukutani kwa muda mrefu kuliko tulivyolitazama joka.

Wala isidhaniwe kwamba ufundi huu ni wa Wazungu peke yao. Jirani zetu wa Kongo wanaye Jean-Michel Kibushi, ambaye mwaka 1991 alifanya filamu fupi ya hadithi ya Watetela, habari ya chura aliyekwenda kuwazuru wakwe zake. Na mwaka 2004 akatoa nyingine ya wanasesere iitwayo "Prince Loseno". Hadithi za chura na sungura tulizoachiwa na bibi zetu tunazo tele, na udongo tunao.

Basi siku ya kumi na moja tulikwenda nyumbani kwa yule mtoto. Hatukumtuma mtu, tulikwenda wenyewe, jioni, ng'ombe wakirudi. Mama yake alitutandikia mkeka. Mtoto alikuja, akasema, "Shikamoo, Maalim," akasimama mbali. Tukamwambia mbele ya mama yake kwamba tulikosa, na kwamba tumekuja kumtazama fahali wake anavyokwenda. Akatujibu kwa sauti ndogo, "Yule alikanyagwa, Maalim. Huyu ni mwingine."

Akatuonyesha simu. Fahali alitoka upande mmoja wa jiwe, akaenda, akasimama, akainamisha kichwa akanywa maji, na maji yenyewe ni kipande cha karatasi ya biskuti ing'aayo. Muda wake ni sekunde kumi. Tulimwuliza ni picha ngapi. Akasema, "Mia na ishirini, Maalim. Kila sekunde kumi na mbili." Mtoto yule yule ambaye mwalimu wake wa hesabu hulalamika habari zake!

Tukamwomba atuache tumsogeze fahali mara moja. Akatuonyesha jinsi ya kuushika mguu. Tukainama, na mkono wetu uliozoea kushika chaki ukaligonga jiwe, na simu iliyoegemezwa ikaanguka kifudifudi. Mtoto akaangalia picha zake. Zilikuwa arobaini za jioni ile, na mahali pa simu pamekwisha badilika. Hapana njia ila kuanza upya. Tulingoja akasirike, na haki alikuwa nayo. Yeye akaisimamisha simu, akaifuta vumbi kwa shati, akamrudisha fahali mahali pa kwanza, akasema, "Umetikisa, Maalim. Tuanze tena."

Siku iliyofuata alikuja chuoni na juzuu yake.

Enyi wazazi na waalimu wenzetu, haya ndiyo tuliyotaka kuwaeleza. Mtoto akikuletea kitu alichokifanya kwa mikono yake, kitazame kwanza. Kikiwa na kosa, kosa halitakimbia. Utalikuta pale pale baada ya kutazama. Na nyumba yenye simu, mtoto na udongo haihitaji kununua kitu kingine. Simu iegemezwe imara kwenye jiwe au kigoda, mwanga uwe mmoja usiobadilika, na kitu kisogezwe kidogo kuliko moyo unavyotaka. Hayo yafanyike wakati wa mapumziko, si wakati wa sala wala wa darasa. Ataionja subira kwa vidole vyake, nayo ni subira ambayo sisi tumeihubiri miaka mingi kwa mdomo.

Mwezi ujao, inshallah, tutarudi kwenye haki za jirani.

Wabillahi tawfiq.